Mwalimu wa Ulinganifu na Mapacha wa Nyantakara

Mwalimu wetu wa jioni hakuwahi kukalia kiti bila kukizungusha kwanza. Alikishika mgongo, akakipeleka robo mzunguko, akakitazama, akakipeleka robo nyingine, kisha akaketi kwa masikitiko kama mtu aliyepakuliwa kiporo, kwa sababu kiti chenye mgongo ukikizungusha kinajulikana kuwa kimezungushwa. Kilichomfurahisha ni stuli ya miguu mitatu. Izungushe theluthi ya mzunguko, mwite aliyekuwa amefumba macho, hatajua kama umeigusa. Vitu vya namna hiyo Mwalimu alivipa heshima kubwa, heshima ambayo watu wengi wa Nyamiaga, huku kwetu Ngara, waliitafuta kwake mpaka wakaota mvi wasiipate.

Alizaliwa wapi na babu yake alikuwa nani, waulizeni wenye ukoo. Wako wengi na wanapenda kuulizwa. Mimi nilimjua mbele ya ubao wenye nyufa kama matope ya kiangazi, katika darasa la kuazima, kuanzia saa kumi na moja jioni, watoto wa mchana wakishakwenda makwao. Alikuwa amestaafu ualimu wa sekondari, ila nadhani hakuna aliyemweleza vizuri maana ya kustaafu. Sisi tulikuwa watu wazima tulioachwa na shule njiani tukaamua kuikimbiza. Mimi ni fundi simu. Alikuwapo mama mmoja muuza vitenge, aliyekuwa akipiga hesabu za darasani kwa sauti kama anapatana na mteja. Walikuwapo mapacha wawili wa Kisukuma, Kulwa na Doto, waliotoka Nyantakara, wilaya ya Biharamulo, wakaja Ngara kufyatua matofali. Na alikuwapo Editha, binti wa Mwalimu mwenyewe, ambaye kati yetu sote ndiye peke yake aliyekuwa na kichwa cha hesabu. Sisi wengine tulikuwa na nia tu. Tulijiandaa kufanya mtihani wa kidato cha sita kama watahiniwa wa kujitegemea, na katika mtihani ule kulikuwa na mada iliyotutoa jasho kuliko tanuri la matofali: milinganyo ya mabadiliko.

Kwa msomaji aliyebahatika kuikwepa, milinganyo hii haikwambii kitu kiko wapi. Inakwambia kinakwenda kwa kasi gani na kinaelekea wapi, halafu inakuachia ukitafute mwenyewe. Ni kama mtu aje kukuambia mbuzi wako amekata kamba, anakimbia hivi, na kila akiona shamba anaongeza mwendo kiasi hiki. Haya sasa, sema saa kumi atakuwa anakula mahindi ya nani.

Kitabu kilikuwa na huruma. Kilisema, ukikutana na mlinganyo wa sura fulani, mahali penye y weka v mara x, endelea, utapata jibu. Kila mwalimu wa nchi hii aliwaambia wanafunzi wake waweke v mara x, nao wakaweka, wakafaulu, wakaajiriwa, wakajenga. Mwalimu wetu alikataa. Alisema kumwambia mtu aweke v mara x bila kumwambia kwa nini ni kumpa ufunguo wa nyumba asiyojua iko kijiji gani. Akatumaliza kwa "kwa nini" hiyo mpaka msimu wa mvua ukaingia na kutoka.

Sababu yake ilianzia kwenye uji. Ladha ya uji, alisema, haimo kwenye unga wala kwenye maji, imo kwenye uwiano wa unga na maji. Pika wa mtoto mmoja, pika wa shule nzima. Uwiano ukiwa ule ule, mnywaji hatajua sufuria ilikuwa kubwa kiasi gani. Basi iko milinganyo ya tabia hiyo. Kuza x, kuza y, vyote kwa kipimo kimoja, mlinganyo wenyewe hauna habari. Huo ndio ulinganifu wake. Na kama hauna habari na ukubwa, wewe unahangaikia ukubwa wa nini? Acha unga, acha maji, shika uwiano. Ulikuwa na vitu viwili vimeng'ang'aniana, sasa unacho kimoja, na kimoja utakiweza.

Nakiri ilikuwa nzuri. Siku ile nilirudi nyumbani nikaueleza uji ule muda wote wa mlo wa jioni, mke wangu akaniuliza kama shule wametufundisha pia kuupika.

Baada ya uji ikaja chai. Chai ya moto inapoa haraka, ya vuguvugu inapoa polepole, na kinachoiamuru ni tofauti kati ya joto lake na joto la chumba. Saa ya ukutani haimo. Ichemshe alfajiri, ichemshe magharibi, itapoa kwa njia ile ile. Kwa hiyo mlinganyo wa chai unaweza kuusogeza mbele au nyuma katika muda na usishtuke. Hapo Mwalimu alitoa kauli yake kubwa, ambayo nadhani aliisema zaidi ya alivyosema jina la mkewe: "Kabla hujaanza kuhangaika, uliza ni nini unachoweza kukisogeza mlinganyo usishtuke." Kila ulinganifu utakaoupata, alisema, unakushushia mlinganyo ngazi moja. Ukipata wa kutosha, unashuka nao mpaka chini, unakuta jibu limekaa linakusubiri.

Kauli hii aliishi nayo, lakini kwa namna ambayo ingelimfaa wakili. Akichelewa kuja darasani, na alichelewa sana, alitukumbusha kwamba somo ni kama chai, halina habari limeanza saa ngapi. Tukichelewa sisi, tulikuta mlango umefungwa kwa komeo. Mama wa vitenge alimuuliza siku moja kupitia dirishani kama mlango nao una ulinganifu, au unafungwa upande mmoja tu. Mwalimu akamjibu kwa upole kabisa kwamba swali ni zuri, atalijibu kesho, kwa watakaokuwa ndani.

Sweta lake lilikuwa halina mbele wala nyuma. Lilikuwa na mbele zamani, likiwa jipya, lakini alilivaa huku na huku mpaka likasahau. Viatu tu ndivyo vilivyomshinda, na aliviangalia kwa chuki. Nyumbani, Mama Editha alikuwa na mafiga yake matatu, na Mwalimu aliwahi kuyapanga upya kwa kamba na kijiti ili yalingane, kisha akatangaza kwamba sasa hata jiko likizungushwa halitabadilika. Mama Editha aliwasimulia wanawake wenzake kisimani. Alisema ni kweli, jiko linazunguka vizuri sana, tatizo ni kwamba katika kuzunguka kwake kote mume wake hajawahi kufika upande wa kuni.

Sitaki msomaji adhani hakutufaa. Mimi mpaka leo simu ikinishinda nafanya alivyotufundisha: nachukua simu mbili za aina moja, nabadilishana kipande kimoja baada ya kingine, na pale ambapo kubadilishana kunaleta tofauti ndipo ugonjwa ulipo. Wateja wananiona fundi wa ajabu. Lakini Mwalimu alikuwa na shoka moja zuri, akalitumia kukatia kuni, kunyolea ndevu na kukunia nazi, na waliokaa karibu naye walijeruhiwa.

Waliojeruhiwa zaidi ni mapacha.

Kulwa ni mfupi, mnene, mcheshi, anacheka kabla hujamaliza kusema. Doto ni mrefu mpaka anainama mlangoni, mkimya, na jino moja la mbele hana, lilibaki kwenye pembe ya ndama Nyantakara. Kipofu akiwapapasa atawatofautisha. Mwalimu, ambaye kwa miwani yake aliona vizuri, aliambiwa siku ya kwanza kwamba ni mapacha, na hapo akakoma kuwatazama. Mama mmoja, baba mmoja, nyumba moja, siku moja: wabadilishe, hakuna kitakachobadilika. Basi akawa anasahihisha karatasi moja tu kati ya mbili zao, ile iliyo juu, na kuwapa wote alama ile ile. Kulwa aliona ni utaratibu wa haki sana. Alilala usingizi mtamu pale dirishani na kufaulu kwa jasho la ndugu yake. Doto, karatasi ya Kulwa ikitangulia juu, alifeli akiwa amepata yote. Hakulalamika. Alilalamika mwenzake mmoja kwa niaba yake, kwa ukali, kwamba Mwalimu ana macho lakini anayatumia kuvalia miwani.

Mwenzake huyo alikuwa Editha.

Kama tungekuwa na akili tungeelewa siku ile ile. Tulielewa mwaka uliofuata, mtihani ukiwa umepita na matofali yakiwa yameisha, Doto alipokuja kwenye kibanda changu na simu isiyo na ugonjwa wowote. Akaniomba niwe mshenga wake, nikamposee Editha. Alisema ninaijua lugha ya Mwalimu. Nilimwambia naijua kidogo tu, kwa alama za kufaulu bila kusifiwa. Akasema inatosha.

Sasa niseme jambo ambalo wanafunzi wake wote tulilijua na hakuna aliyethubutu kulisema mbele yake. Ubaoni Mwalimu alifundisha kwamba sifuri ni ya kuweka unapotaka. Pima kutoka hapa, pima kutoka pale. Milinganyo ya kweli haijali ulipoanzia. Nje ya darasa alikuwa na sifuri moja tu, nayo ilikuwa kizingiti cha mlango wake, Nyamiaga. Rulenge, ndani ya wilaya yetu hiyo hiyo, ilikuwa ni kule. Biharamulo ilikuwa ni kule kabisa. Watu waliohamia kutoka Mwanza na Shinyanga na mifugo yao, hata kama wamezaa na kuzikana Biharamulo, kwake walikuwa bado wako safarini. Na mtu aliyekula mlo usio na ndizi alimwonea huruma kama mgonjwa.

Nikamwendea peke yangu kwanza, kama inavyotakiwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akazungusha stuli, akakaa. Nikapeleka maneno. Mwalimu akachukua kijiti akachora mviringo mdogo vumbini kati ya miguu yetu, akauchoma katikati. Akasema hapa ndipo tulipo. Akavuta mstari mrefu mpaka chini ya stuli yangu, nikalazimika kuinua miguu. Akasema na hapa ndipo wanapotaka kumpeleka. Huku kuna migomba, kule kuna vumbi la ng'ombe. Akiumwa huku nasikia anavyokohoa. Akiumwa kule nitasikia nini?

Nikasema simu zipo.

Akauliza kama ni hizi ninazotengeneza mimi.

Halafu, kwa kuwa mshenga analipwa kwa ujasiri, nikamwambia, "Mwalimu, si wewe uliyetufundisha kwamba sifuri ukiihamisha mlinganyo haushtuki?"

Alifuta mviringo kwa soli ya kiatu. "Mlinganyo haushtuki kwa sababu hauna binti," akasema.

Nilirudi kwa Doto na jibu hilo. Ningeweza kulitia sukari, lakini Doto ni mtu wa kutazama mdomo unavyotoa maneno. Kwa mwezi mzima na zaidi hakuna kilichosogea. Editha alipika, akafua, akamsalimu baba yake asubuhi na jioni, na zaidi ya salamu hakumpa neno. Mwalimu, aliyezoea kubishana na binti yule juu ya kila mstari wa kila hesabu, alikonda. Alianza kunifuata kibandani kuniuliza mambo ambayo jibu lake alilijua. Mwishowe Mama Editha akanitumia ujumbe kwamba wageni waje Jumamosi, yeye amekwisha kuvundika ndizi za pombe, na ndizi zikiiva hazimsubiri mtu.

Tulikwenda wanne: mimi, baba mdogo wa mapacha, ambaye ni mzee wa kofia na fimbo na maneno machache, Doto, na Kulwa wa kutuchangamsha. Upande wa wenyeji walikuwa watatu, Mwalimu, kaka yake mkubwa na jirani mmoja. Mwalimu alipotuhesabu tukaona jambo linamkera. Aliingia ndani, akatoka na stuli tupu, akaiweka upande wao. Sasa wanne kwa wanne. Baba mdogo akaniuliza chini kwa chini ile ni ya nani, marehemu? Nikamwambia ni ya hesabu.

Katikati pakawekwa chungu cha pombe ya ndizi, mirija imesimama ndani yake. Hapo msomaji wa mbali anielewe: kwa watu wetu chungu kile ndicho kinachosema. Wageni wakinywa na mwenyeji akanywa nao, shauri liko hai na mengine ni mazungumzo. Wageni wakiinuka chungu hakijaguswa, shauri limekufa, na kulifufua ni kazi ya miaka. Doto alikitazama chungu kile kama mtu anayeutazama mto alioambiwa auvuke.

Nilisema maneno yangu. Kaka yake Mwalimu akajibu maneno yake, akasinzia. Ndipo Mwalimu akaomba binti aitwe. Editha akaja na kanga mabegani, akapiga magoti, akatusalimu. Na Mwalimu akafanya alichokuwa amekipika mwezi ule wote. Hakutukana mtu. Alizungumza kama yuko ubaoni.

Alisema anataka kuuliza jambo dogo tu la ulinganifu. Mbele yetu wako vijana wawili. Mama mmoja, baba mmoja, zizi moja, kijiji kimoja, siku moja. Tukimweka huyu mahali pa yule, nini kitabadilika? Kama hakuna, basi kumchagua mmoja ni bahati nasibu, na mtu mzima haolewi kwa bahati nasibu. Asubiri mpaka apate sababu. Akageuka kwetu na uso wa mtu aliyemaliza hesabu na kupigia mstari chini yake.

Kulwa, ambaye alikuwa akitazama chungu tu, aliacha kucheka. Sikumbuki kama niliwahi kuliona jambo hilo tena.

Editha hakuinua macho. "Mlinganyo hautabadilika, Baba," akasema. "Lakini wewe umetufundisha kwamba mlinganyo mmoja una majibu mengi, na ulinganifu unakutoa jibu hili unakupeleka jibu lile. Hausemi ni moja. Anayesema jibu ni lipi ni sharti la mwanzo, mahali mtu alipoanzia." Akakaza kanga mabegani. "Sharti la mwanzo ninalo mimi."

Baba mdogo hakuelewa hata neno, lakini alijua kofi likipigwa. Akacheka mpaka kofia ikainama. Kaka yake Mwalimu akaamka akauliza tumefika wapi.

Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya ubao wake mwenyewe na amefutwa. Kwa haki yake niseme kwamba aliuona ukweli mara moja. Mtu yule hakuweza kubishana na hatua sahihi hata ikimchoma. Akasema, basi, kama ni hivyo, kama amejibu, akaondoa miwani akaivaa tena. Baba mdogo akaona mwanya. Akasema mzee mwenzangu, kama umeridhika, msalimu mkweo kwa mkono, tunywe, safari yetu ni ndefu.

Mwalimu akainuka. Akavuka nafasi ile kati ya stuli nne na stuli nne. Akanyoosha mkono wake, mkono uliojaa chaki tangu ujana, akaushika kwa dhati kabisa mkono wa Kulwa.

Kulwa hakuthubutu kuutoa mkono. Akautazama, akamtazama Mwalimu, akasema kwa adabu kubwa, "Baba mkwe, mimi nimeshaoa."

Baba mdogo akasimama na fimbo yake. Alisema ametoka Nyantakara alfajiri. Amesikiliza mambo ya kubadilishana watoto wa kaka yake kama makopo, akavumilia kwa kuwa ni nyumba ya watu. Lakini mtu aliyewafundisha vijana hawa miaka miwili na hajui yupi ni yupi, huyo hakutaka kuwajua. Akaniita niinuke. Chungu kilikuwa hakijaguswa. Doto aliinuka pia, kwa sababu mkubwa wake ameinuka, lakini polepole sana, kama mtu anayeng'oa mti uliomea chini ya kiti chake.

Editha ndiye aliyetutangulia. Alikwenda akashika kifundo cha mkono wa baba yake, akautoa kwenye kiganja cha Kulwa, akauvuta, akautia kwenye kiganja cha Doto. Akaikandamiza mikono miwili ile kwa mkono wake mwenyewe, kama anagundisha.

"Huyu," akasema.

Mwalimu alilazimika kutazama juu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuuona urefu ule na pengo lile. Aliangalia mpaka tukaona aibu sisi. Kisha akauliza, sauti imeshuka, kama ni yeye aliyekuwa akikaa dirishani.

"Dirishani alikaa Kulwa, Mwalimu. Mimi nilikuwa nakufutia ubao."

"Nilidhani mnafuta kwa zamu."

"Ilikuwa zamu yangu kila siku," Doto akasema.

Mwalimu hakuomba radhi, kwani hakuwa na wepesi huo wa ulimi. Alirudi, si kwenye stuli yake, bali moja kwa moja kwenye chungu. Akachuchumaa, akachukua mrija wa kwanza aliofikia, akanywa. Mwenyeji amekunywa kabla ya mgeni, jambo ambalo halifanyiki, na jirani alifumba macho. Lakini baba mdogo alimtazama mzee yule aliyechuchumaa na sweta lisilo na mbele, akashusha pumzi, akaegemeza fimbo ukutani, akachukua mrija wake. Tukanywa mpaka Kulwa akaanza kucheka tena.

Ndoa ilifungwa Rulenge. Mwalimu alikuwapo kanisani, amenyooka kama rula. Magari yalipogeuka kuelekea Biharamulo, alisema tumbo linamsumbua, akateremka. Na tumbo lile lilimsumbua miaka. Mama Editha alikwenda Nyantakara na kurudi mpaka makondakta wakamzoea, yeye hakwenda. Safari hii barabara mbovu, safari ile mvua, safari nyingine ana wanafunzi, na wanafunzi wenyewe wamekwisha kuwa wawili na mmoja anaumwa. Akinipitia kibandani, hakuniulizia Editha hata siku moja. Aliniuliza kama mvua imenyesha Nyantakara, kama upepo ni mwingi, kama usiku kule ni baridi. Nikawa napiga simu kuuliza hali ya hewa, na Editha ananijibu kwamba hali ya hewa imejifungua, mtoto wa kiume, na inamhitaji mama yake.

Mama Editha akafunga safari ya kumlea mzazi. Alikaa huko wiki baada ya wiki. Mwalimu, aliyejua kila ulinganifu wa mafiga, aliunguza ndizi za kuchemsha, jambo ambalo nilidhani haliwezekani. Mwishowe akatangaza mtaani kote kwamba anakwenda Nyantakara kumchukua mke wake, siku mbili tu, basi. Akaenda. Baada ya wiki akarudi mke. Peke yake. Maharage yalikuwa yanamsubiri shambani. Akasubiri mwezi, akaja kibandani na akaniambia, "Baba, kamlete mzee wangu."

Nikapata gari lililokuwa linakwenda kupakia mahindi upande ule.

Nilimkuta uani kwa Doto, chini ya ukuta wenye kivuli, amevaa koti la Doto lililomfunika mpaka kucha. Alikuwa amenenepa. Nikamwamkia, akaitikia, na akaanza kunilalamikia kabla sijakaa. Maziwa ni mengi mno. Ugali unakaba. Ng'ombe wanapiga kelele bila mpangilio. Jua linachomoza vibaya. Wakati wote ule mjukuu alikuwa amelala kifuani mwake ndani ya koti, na kila lalamiko lilisemwa kwa kunong'ona.

Editha alinivuta kando jikoni. Alisema nimchukue, tafadhali, anampenda sana lakini nimchukue. Mzee amehamisha vitanda. Amehamisha mafiga. Anamsahihisha baba mdogo anavyohesabu ndama. Begi la mzee Editha alikuwa amelifunga tayari, nikalibeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Doto alisimama mlangoni ameinama kama kawaida yake, akasema polepole kwamba yeye hajachoka, lakini mwenye nyumba ni Editha.

Dereva akapiga honi. Mwalimu alitusindikiza mpaka barabarani na mtoto kifuani, akalitazama begi lake ndani ya gari, akaitazama nafasi yake kando ya dereva. Nikamwambia Mama anamsubiri, Nyamiaga ni mbali, twende.

"Kutoka huku kwenda kule na kutoka kule kuja huku ni umbali ule ule," akasema. "Mwambie aje yeye. Begi liende."

Akageuka, koti linaburura, akarudi uani. Nilimtazama Editha. Alikuwa amejishika kiuno, kichwa anakitikisa, na mdomo ameubana usicheke.

Jioni ile nilimfikishia Mama Editha begi na maneno, neno kwa neno. Alilifungua, akatoa mashati, akayanusa, akayaweka pembeni. Akauliza kama amekonda. Nikasema amenenepa. Akakaa na begi tupu magotini kwa muda. Kisha akasema atakwenda maharage yakishavunwa, na nimwambie wazi kwamba anakwenda kumwona mjukuu.

Nikapiga simu Nyantakara palepale. Ilipokelewa na Mwalimu mwenyewe, kwa simu ya Doto. Nikampa jibu. Akaniomba nimuulize Mama vizuri, maana hakunisikia: amesema maharage ya mapema, au yale ya kuchelewa?